Pini ya Tela

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumanne ya kwanza ya Juni 1994, vioo vya mbele vya pikapu mbili zilizoegeshwa kwenye yadi ya Luqmani, Makambako, vilikuwa bado na barafu nyembamba. Moja ilikuwa Hilux nyeupe ya dizeli, silinda nne. Nyingine ilikuwa ya bluu, kubwa zaidi, silinda sita. Zote zilikuwa zimetumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam. Biashara ya kuingiza bidhaa kutoka nje ilikuwa imekwisha kufunguliwa, na magari ya namna hiyo yalifika Makambako kila wiki.

Festo alizizunguka zote mbili. Kisha akaweka kiganja juu ya boneti ya kila moja. Nyeupe ilikuwa baridi. Ya bluu ilikuwa na uvuguvugu.

"Hii mmeiwasha leo," alisema.

"Kwa baridi hii, mzee, hata mimi ningewashwa kwanza ndipo nitembee," alijibu Mudy, dalali.

"Basi tutaisubiri ipoe. Nataka kuisikia ikiamka yenyewe."

Festo alikuwa ameendesha malori ya chama cha ushirika kwa karibu miaka ishirini, mpaka chama kilipopunguza watu. Kwa kiinua mgongo alinunua mashine ya kusaga pamoja na injini yake, akampa fundi wa kuchomelea wa hapohapo Makambako avifunge juu ya tela la magurudumu mawili. Vijiji vingi kati ya Njombe na Kidugala havikuwa na mashine, na wanawake walibeba mahindi kichwani nusu siku kwenda kusaga. Tela likivutwa kijiji kwa kijiji, kazi ingekuwepo. Lililobaki ni gari la kulivuta, tena lisiwe gari la kunywa dizeli yote ambayo kusaga kungeilipia.

Mwezi Machi daktari wa hospitali ya misheni alikuwa amemwambia kwamba moyo wake umepanuka na hautarudi kama zamani. Alimwambia asiinue kitu kizito, apunguze chumvi, na apange mambo yake. Festo alimweleza mkewe, Emerensiana, habari ya chumvi na ya kuinua vitu. Ile ya kupanga mambo hakumweleza. Alianza kuitekeleza. Alitaka kwamba siku atakapokuwa hayupo, Emerensiana aweze kuwasha gari, kufunga tela, kwenda kusaga na kurudi nyumbani bila kumwomba mtu yeyote.

Emerensiana alikuwa amesimama pembeni, kitenge juu ya sweta. Alimwona mumewe akiingia kwenye pikapu nyeupe na kukanyaga klachi mara kadhaa, kisha akahamia kwenye ya bluu akafanya vivyo hivyo. Miguu ya Festo ilikuwa imevimba. Tangu Pasaka alivaa ndala badala ya viatu. Emerensiana alidhani anachagua gari la kuifaa miguu hiyo.

"Mama Jane, njoo ukae," Festo alimwita.

"Wapi?"

"Hapa. Kwenye usukani."

Mudy alipiga makofi. "Mzee Festo, unanunua gari au unashona gauni? Mpaka mama apimwe!"

"Kanyaga klachi," Festo alisema.

"Mimi na klachi wapi na wapi?"

"Kanyaga mpaka chini. Shikilia hapohapo mpaka nikuambie."

Kwenye ya bluu mguu wake ulianza kutetemeka upesi, na klachi ikamrudia kabla Festo hajasema neno. Kwenye nyeupe alishikilia mpaka akachoka kusubiri, akauliza kama amesahauliwa. Festo alisogeza kiti mbele, akatazama goti lake limekunjwa kiasi gani, akasogeza tena. Akamuuliza kama anauona mwisho wa boneti. Aliuona.

Luqmani, mwenye yadi, alitoka dukani kwake akiwa na kikombe cha kahawa. Hakuwa mtu wa mzaha. "Ndugu yangu," alisema, "mimi nauza zote mbili, kwangu ni sawasawa. Lakini kwa tela, chukua ya bluu. Nyeupe itafika, ila itafika imechoka."

"Inawezekana," Festo alisema. "Tuzipime."

Alipima zote kwa namna moja. Alichomoa mpira wa kutoa dizeli kwenye tangi, akaunganisha mwingine mrefu, akaupitisha dirishani na kuutumbukiza ndani ya dumu la plastiki alilokuwa amelichora mistari. Kisha akachomoa mpira wa pili, ule unaorudisha kwenye tangi dizeli inayozidi kutoka kwenye pampu, akautumbukiza humohumo. Mudy aliuliza huo wa nini.

"Ukiuacha urudi kwenye tangi, dumu litasema gari imekunywa, kumbe imetema."

Tela lilifungwa nyuma, mashine na injini yake zikiwa juu. Emerensiana alikaa upande wa abiria, dumu katikati ya miguu. Walikwenda na barabara ya Njombe mpaka juu ya mlima mrefu, wakageuza, wakarudi yadini, ili kila mteremko uliosaidia wakati wa kwenda ulipwe kwa kupanda wakati wa kurudi. Ya bluu, ambayo sasa ilikuwa imepoa na ikaamka kwa shida kidogo, ilipanda mlima bila kubadilisha gia. Ililipita basi. Mudy, aliyekuwa amekaa nyuma juu ya bodi, alipiga mluzi mpaka kileleni.

Nyeupe ilishuka gia ya tatu, kisha ya pili. Nyuma yao lori lilipiga honi. Moshi ulikuwa kidogo na haukuwa mweusi. Safari hiyo Mudy alikuwa amebaki kwenye kibanda cha chai, kwa hiyo ndani ya gari walikuwa wawili tu. Juu ya mlima Festo aliegesha pembeni, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Alikuwa anahema kama mtu aliyeupanda mlima kwa miguu.

"Kwa nini mimi nilikanyaga klachi?" Emerensiana aliuliza.

"Kwa sababu ya tela."

"Nimekuuliza kwa nini mimi."

Festo alitazama kipimo cha joto la injini. "Joto halijapanda," alisema. "Hiyo ni dalili nzuri."

"Festo."

Tangu Jane azaliwe hakuwahi kumwita kwa jina.

"Daktari alisema mwaka mmoja," alisema Festo. "Alisema mwezi Machi."

Emerensiana aliinamisha kichwa akatazama dumu. Lori lililokuwa likipiga honi lilikuwa limekwisha potelea mbele.

"Dizeli imefika mstari wa nne," alisema.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Injini ilikuwa imezimwa, lakini dizeli ndani ya dumu ilikuwa inatikisika.

Mzunguko ulipokwisha, nyeupe ilikuwa imetumia karibu theluthi mbili ya ile iliyotumiwa na ya bluu. Luqmani alilitazama dumu mwenyewe, akakubali. Mudy alimpa Festo mkono. "Basi umeoa nyeupe, mzee. Mola awape na uzao."

"Fundi wa kuchomelea yuko wapi?" Festo aliuliza.

Chuma cha kuvutia tela kilikuwa juu mno. Festo alimtaka fundi akishushe mpaka usawa wa magoti ya Emerensiana, na kwenye mkono wa tela aweke gurudumu dogo la mbele, ili mtu mmoja aweze kuuinua kwa nguvu ya mapaja bila kuvunja mgongo. Fundi alisema hajawahi kushusha chuma hivyo kwa gari lolote. Festo alimwambia sasa atashusha. Emerensiana alijaribu mwenyewe, mara ya kwanza akashindwa, mara ya pili mkono wa tela ukapanda. Alichomeka pini na kuifunga kwa mnyororo wake. Jioni hiyo waliivuta mashine mpaka nyumbani, kijiji kimoja karibu na misheni nje ya Njombe.

Wiki iliyofuata Emerensiana alichukua leseni ya kujifunzia. Alijifunza kwenye uwanja wa mpira wa misheni, alasiri, vijana wakiwa hawajaanza mazoezi. Kwenda mbele kulimchukua muda mfupi. Kurudi nyuma na tela kulikuwa jambo jingine: ukikata usukani kushoto, tela linakwenda kulia, na ukichelewa kulifuata linajikunja kama kisu cha mfukoni. Wanawake waliotoka shambani walisimama kutazama.

"Mama Jane, ng'ombe wako anarudi zizini kwa makalio!" mmoja alipiga kelele.

"Mwacheni, anamtafutia mkia!" mwingine alisema, wakaangua kicheko.

Emerensiana alitoa kichwa dirishani. "Chekeni. Mkileta mahindi nitawasaga na nyinyi."

Festo alikaa kwenye kiti cha plastiki kando ya goli. Hakucheka wala hakusifu. Alisema, "Mapema zaidi," au, "Umechelewa," na mara chache, "Hapo."

Kuanzia Julai walikuwa barabarani. Emerensiana aliendesha, Festo alikaa kushoto kwake na kusikiliza injini. Kwenye mteremko hakumruhusu kutoa gia ili kuokoa dizeli, kama madereva wengi walivyofanya. "Tela halina breki," alisema. "Gia ndiyo breki yake." Walipofika kijijini, Emerensiana alifungua tela mwenyewe, akaweka mawe kwenye magurudumu, akawasha mashine. Wanawake walikuja na madebe. Wale waliocheka uwanjani walikuja pia, na mmoja akamuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli klachi haiumizi.

Mwishoni mwa Agosti Emerensiana alisema yuko tayari kwenda kwa askari wa usalama barabarani Njombe kufanya mtihani wa leseni.

"Bado," Festo alisema. "Kurudi nyuma kwako kuna kasoro."

"Askari hapimi tela, Baba Jane. Anapima gari."

"Mimi napima tela."

Alikuwa amefundisha madereva wengi wa chama kwa utaratibu huohuo, na hakuna hata mmoja aliyeangusha lori. Alisubiri Septemba yote. Oktoba alilazwa hospitali kwa siku kadhaa, na kazi ilisimama, kwa kuwa mwenye leseni ya kujifunzia haruhusiwi kuendesha bila dereva mwenye leseni kando yake. Alipotoka, alikaa tena kando ya goli, safari hii amefunikwa blanketi. Emerensiana alirudisha tela nyuma moja kwa moja kutoka goli moja mpaka jingine na kuliingiza katikati ya nguzo.

"Hapo," Festo alisema.

Kesho yake alimtuma mtu mjini kumwandikishia mtihani. Siku iliyopatikana ilikuwa Alhamisi ya tatu ya Novemba, saa nne asubuhi.

Festo alifariki Jumapili kabla ya hapo, nyumbani, baada ya misa ya pili. Alizikwa Jumanne. Mdogo wake, Sila, aliyekuwa akisafirisha mizigo ya wafanyabiashara wa Makambako kwa gari la kukodi, alisimamia mazishi, akachimba kaburi pamoja na wengine, akalia wazi mbele za watu.

Kwa desturi ya ukoo, mjane hatoki nyumbani mpaka matanga yaishe. Emerensiana alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, wanawake wamemzunguka. Oktavia, mke wa Sila, ndiye aliyekuwa akimletea uji.

"Mwenzangu, leo ni Alhamisi?" Emerensiana alimuuliza.

"Ni Alhamisi."

"Saa ngapi?"

"Sijui. Jua limepanda. Saa tatu labda."

Emerensiana alisimama, akaanza kufunga kitenge.

"Unakwenda wapi?"

"Njombe. Nina mtihani."

Shangazi mmoja wa Festo, mtu mzima sana, alimshika mkono. "Mtihani gani, mwanangu, na mume yuko chini tangu juzi?"

"Wa gari. Ni yeye aliyeniandikisha."

"Yeye alikuandikisha akiwa hai. Keti."

"Shangazi, ni nusu saa tu kwenda. Nitarudi."

"Watu watakuonaje? Watasema alikuwa anamsubiri afe apate kuendesha. Keti, mwanangu. Gari halikimbii."

Hakuna aliyemsukuma. Oktavia alisogeza uji karibu. Emerensiana alibaki amesimama kwa muda, akitazama mlango uliokuwa wazi. Kupitia hapo pikapu ilionekana, tela likiwa limefungwa nyuma yake tangu safari ya mwisho. Kisha aliketi. Uji hakuunywa.

Matanga yaliisha Jumamosi ya wiki iliyofuata. Wazee wa ukoo walikaa uani kugawa mali ya marehemu. Aliyeongoza alikuwa Mzee Odilo, baba mkubwa wa Festo, mtu aliyeheshimiwa kwa kutopendelea. Nyumba na mashamba vilibaki kwa mjane na watoto bila ubishi. Mashine ya kusaga, Odilo alisema, ni kazi ya wanawake, nayo ibaki kwa mama. Kisha akauliza, "Na gari?"

Wazee waligeuka kuitazama pikapu. Odilo akaendelea:

"Hapa nani ana leseni?"

"Mimi," Sila alisema.

"Mama Jane?"

"Sina. Lakini naweza kuendesha, baba. Kijiji kizima kimeniona."

"Tunajua unaweza. Askari ndiye hajui. Ukikamatwa, gari linalala kituoni, watoto wanakula nini?"

"Nipeni wiki mbili. Nitaomba siku nyingine ya mtihani."

"Na ukishindwa?"

"Sitashindwa."

Mzee mmoja alikohoa. Mwingine alisema kwamba gari ni kitu cha ukoo na haliwezi kusubiri mtihani, tena mwanamke kijana huolewa, na akiolewa gari litakwenda kwenye ukoo mwingine. Wengine waliitikia kwa vichwa.

"Gari na mashine ni kitu kimoja," Emerensiana alisema. "Alivinunua vikae pamoja."

"Mama," Odilo alisema kwa upole, "nimekwenda kuvitazama kwa macho yangu asubuhi hii. Ni vitu viwili. Vimeshikwa na pini."

Sila aliinua kichwa. "Shemeji, usiwe na wasiwasi. Nitakuwa nakuja kila wiki kukuvutia tela."

"Siku gani?"

"Siku nikiwa na nafasi."

Mzee Odilo alisema basi gari liwe la Sila, akauliza kama kuna mwenye neno. Kikao kikafungwa kwa sala.

Jumatatu asubuhi Sila alikuja na begi dogo. Alikuwa na mzigo wa mtu unaomsubiri Makambako. Alijaribu kuchomoa pini ya tela ikakataa. Tela lilikuwa limesimama kwa mwinamo na uzito wake wote ulikuwa umeikaba. Aliokota jiwe akaanza kugonga.

"Usigonge," Emerensiana alisema kutoka mlangoni. "Utaipinda."

Alileta mawe mawili akayaweka nyuma ya magurudumu ya tela. Aliingia kwenye gari, akawasha, akaisikiliza injini mpaka ilipotulia. Akakanyaga klachi, akaweka gia ya kurudi nyuma, akaliachia gari lirudi kiasi cha upana wa kiganja. Akavuta breki ya mkono. Aliposhuka, pini ilitoka kwa vidole viwili. Alikunja magoti, akashika mkono wa tela kwa mikono yote miwili, akauinua peke yake, akaushusha juu ya gurudumu lake dogo.

"Kumbe ni rahisi," Sila alisema.

Emerensiana alimpa ufunguo. Pini ilibaki mkononi mwake.

Sila aliingia kwenye gari, lakini magoti yake yaligonga usukani. Alipapasa chini, akapata wenzo wa kulegeza kiti, akasukuma kiti nyuma mpaka mwisho. Akaondoka kuelekea Makambako.